Ndani ya Ndoo

Mtu aliyelala mahabusu hana tofauti na nguo iliyoangushwa kutoka kambani na upepo: shingo imekwenda huku, miguu kule, na hakuna anayejua ni ya nani. Kobe alimkuta kijana katika hali hiyo, akagonga vyuma vya mlango kwa ufunguo.

"Amka, Ngazi. Alasiri hii jalada lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na wewe unakoroma kama mtu aliyelipia chumba."

Jina la Kobe hakupewa na mama yake. Walimpa wenzake wa idara ya upelelezi, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwenda polepole, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa na tabia ya kuchomoza tena mlangoni wakati mtu anashusha pumzi akidhani mgeni keshaondoka. Wengi walikiri makosa yao katika kile kichomozo cha pili.

Kijana aliinuka kwa mafungu, magoti kwanza, mgongo baadaye. Alikuwa mrefu wa kupitiliza, na urefu huo ndio uliompa kazi. Zamani, sinema zilipokuwa bado hazina rangi, walikuwepo wachekeshaji wawili: Ngazi, mrefu, ambaye hakwenda popote bila ngazi begani, na Ndoo, mfupi, ambaye hakuiacha ndoo yake. Waliitwa kupaka rangi nyumba ya mtu, nyumba ikabaki bila paa. Hadithi yao yote ilikuwa hiyo, na watu waliicheka miaka nenda miaka rudi. Ngazi wa kwanza alikwishazikwa. Ndoo wa kwanza alikuwa hai, amezeeka, peke yake. Na sasa kampuni moja ya filamu ilikuwa imeamua kuwafufua kwa rangi na kamera za kisasa, ikachukua vijana wawili: huyu wa mahabusu awe Ngazi mpya, na mwingine, mfupi, awe Ndoo mpya. Huyo mfupi alikuwa hospitali, fuvu limepasuka, hajazinduka. Aliyempiga kwa ngazi, mbele ya kamera na umati wa watu, ni huyu.

"Mashahidi wanasema ulimwambia, 'Siku moja nitakuzima, wewe,'" Kobe alisema.

"Alikula chakula changu, afande."

"Mara ngapi?"

"Kila siku! Mtu mfupi vile, sijui alikuwa anakiweka wapi." Kijana alitaka kucheka, akajizuia. "Hatukuwa maadui. Nilimpa ishara kabla sijageuka. Nina hakika nilimpa. Nadhani nilimpa."

"Una hakika au unadhani? Hivyo ni vitu viwili, na katikati yake kuna gereza."

Kijana alitazama mikono yake.

"Ishara gani?"

"Hilo siwezi kusema. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

Badala ya kujibu alichungulia juu ya bega la Kobe, kwenye korido ndefu iliyokuwa tupu. "Kuna mtu amekuja kuniulizia? Mzee mmoja, mfupi?"

"Hajaja mtu, mwanangu."

"Hata jana?"

"Hata jana."

Kijana alirudi kukaa chini, kwa mafungu vilevile. Kobe aliondoka. Baada ya kitambo kichwa chake kilichomoza tena mlangoni, lakini safari hii hakikukuta mtu wa kukiri. Kijana alikuwa amejifunika uso kwa shati.

*

Mwongozaji wa filamu alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimkaribisha Kobe kwenye chumba chenye giza, kilichojaa vioo vya kompyuta na vikombe vya chai iliyoganda utando, akamwonyesha tukio lenyewe.

Palikuwa mapokezi ya hoteli ya kifahari, vigae vyeupe vinang'aa hadi unaona kivuli cha mtu kichwa chini. Ndoo mpya alikuwa keshaingiwa na ndoo kichwani mpaka mabegani, anapapasa hewa kama mtu anayetafuta swichi. Ngazi mpya alikuwa mbele yake, amempa mgongo, ngazi begani. Mtu anamwita. Anageuka. Kwa mujibu wa mchezo, mkia wa ngazi ulipokuja kwa kasi, mfupi alitakiwa achuchumae, ngazi ipite juu, ainuke, ngazi irudi, achuchumae tena, na dunia nzima ishike mbavu. Mfupi hakuchuchumaa.

Kobe aliomba irudiwe. Halafu irudiwe tena.

"Tazama hapa, Inspekta," mwongozaji alisema, kidole kikigusa kioo. "Kabla hajageuka, anasita. Anatupa jicho nyuma. Kichwa anakiona kilipo. Ndipo anageuka kwa nguvu zake zote. Mimi si polisi, lakini mtu anayetazama kwanza si mtu wa bahati mbaya."

"Na huu mguu?"

"Mguu upi?"

"Ameinua mguu, akaukita chini. Hapo hapo alipositasita."

"Ah, hizo ni mbwembwe. Hata Ngazi wa zamani alikuwa nazo. Watoto walikuwa wanamwiga mitaani, kila mtoto anatembea kama punda aliyekanyaga mwiba."

"Siusikii mshindo wake."

"Sauti za miguu tunazitia baadaye."

Kobe alifungua mfuko wa vielelezo aliokuja nao, akaitoa ndoo. Ilikuwa ya bati jepesi, imebonyea upande mmoja, na ndani imepakwa sponji nene mpaka ukingoni. "Niambie jambo moja. Mtu aliyevaa hii anajuaje wakati wa kuchuchumaa?"

"Kuna tundu la kuchungulia."

"Lionyeshe."

Mwongozaji aliigeuza ndoo huku na huku, akaipeleka kwenye mwanga, akashusha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Tundu halikuwepo. Aliiweka mezani taratibu kama mtu anayetua yai.

"Basi imebadilishwa," alisema, na sauti ikapata uhai. "Inspekta, imebadilishwa! Na aliyeibadilisha nakwambia sasa hivi. Yule mzee. Ndoo wa zamani. Tulimwita awe mshauri, akawa kila tukio anasema 'sivyo, sivyo.' Nikamfukuza. Aliondoka akisema filamu hii haitamchekesha hata mwehu."

Fundi wa jukwaa aliitwa. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, na akaiharibu raha ya mwongozaji kwa sentensi mbili. Ndoo ilikuwa ileile tangu siku ya kwanza, aliitengeneza mwenyewe, na tundu halijapata kuwepo. Alichoongeza ni sponji tu, kwa sababu mfupi alilalamika masikio yanamkwaruza.

"Na alikuwa hapigwi?" Kobe aliuliza.

"Kule ukumbi wa mazoezi? Walifanya hivyo mara chungu nzima, ndoo kichwani, ngazi inapita inarudi. Haukuguswa hata unywele. Sisi wenyewe tulikuwa tunashangaa."

"Na hapa hotelini mlijaribu kwanza?"

"Walijaribu bila ndoo," mwongozaji aliingilia. "Ndoo ikishaingia haitoki bila watu wawili na mafuta ya kupikia, na vipodozi vyote vinakwenda na maji. Walijaribu bila ndoo, wakaenda sawa kabisa. Nikasema, vaa, tupige picha. Tukapiga mara moja." Aliitazama ndoo mezani. "Mara hiyohiyo."

*

Mzee alikaa ghorofani, juu ya kibanda cha fundi cherehani, kwenye chumba ambacho ngazi zake za mbao zililia kila hatua kana kwamba zinatangaza mgeni. Alifungua mlango kabla Kobe hajamaliza kupiga hodi. Alikuwa mfupi kweli, kichwa kikubwa, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni.

"Umekuja kunifunga au kunitembelea?" aliuliza. "Lolote kati ya hayo, ingia. Chai iko tayari."

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na chai. Cha pili kilikuwa kimefunikwa kisahani, na kisahani kimeshika vumbi. Ukutani hapakuwa na picha hata moja ya sinema, ila ngazi ya mbao iliyoegemezwa pembeni, ndefu, imechakaa mahali pa bega.

"Ya marehemu mwenzako?"

"Alisema nimtunzie mpaka atakaporudi kutoka hospitali." Mzee aliketi. "Huyo jamaa hakuwahi kushika miadi."

Kobe aliweka ndoo juu ya meza. "Kijana wako yuko ndani."

"Nilisikia redioni."

"Na hukwenda kumwona."

"Niende nikamwambie nini?" Mzee aliongea kwa ukali, lakini ukali wenyewe ulikuwa mwembamba, kama wa mtu aliyekuwa akiufanyia mazoezi peke yake. "Nilimfundisha jambo moja. Moja! Alikuwa anakuja hapa kila jioni, anakaa kiti hichohicho ulichokalia, ananimalizia sukari. Nikamfundisha. Akalisahau, akampasua mwenzake kichwa."

"Jambo gani?"

Mzee alifumba mdomo. Kobe alilijua fumbo hilo. Asubuhi alikuwa ameliona kwenye mdomo mwingine.

"Basi mnafanana," alisema. "Na yeye amekataa kulisema. Anasema aliapa. Jalada lake linaondoka leo kwenda kwa mwendesha mashtaka, kwa kosa la kukusudia, na mwenye kuweza kumtetea ni yeye mwenyewe, naye amekaa kimya. Kitu pekee anachouliza ni kama kuna mzee mfupi amekuja kumwulizia."

Chini, cherehani ilikuwa inakimbia. Ikasimama. Ikakimbia tena.

"Ameuliza hivyo?"

"Leo. Akauliza na kuhusu jana."

Mzee aliichukua ndoo, akaipima uzito kwa mikono miwili, akaingiza pua ndani. "Sponji nyingi mno. Wamekuwa laini, vijana wa siku hizi." Kisha akaisukuma upande wa Kobe. "Vaa."

"Mimi?"

"Wewe si ndiye unayetaka kujua? Simama pale katikati. Vua viatu. Vaa."

Kobe alikuwa amefanya mengi katika kazi hii, ikiwemo kulala chini ya kitanda cha mshukiwa aliyekoroma, lakini ndoo ilikuwa ngeni. Aliisukuma mpaka ikashika mabega. Giza likaingia, na pamoja nalo ukimya ambao hakuutarajia: cherehani haikuwepo, mzee hakuwepo, mtaa haukuwepo. Kulikuwa na pumzi yake tu, inatoka, inagonga sponji, inamrudia usoni ikiwa na joto. Alisema, "Mzee?" na neno likabaki naye humo ndani. Alisimama. Akaendelea kusimama. Hakujua kama mtu yuko karibu naye au ameshaondoka na kumwacha, na alianza kunyoosha mikono kupapasa, sawasawa na yule wa kwenye picha.

Ndipo sakafu ikamgonga. Ilianzia nyayoni, ikapanda kwenye magoti, na magoti yakakunjika yenyewe kabla hajayaamuru. Kitu kikapita juu ya kichwa chake. Hakukiona wala hakukisikia, ila shingo yake ilipata upepo.

Alipojinasua, ilikuwa kazi na jasho, na mzee alimsaidia kwa kuvuta mpini kama anang'oa muhogo. Ngazi ilikuwa begani mwa mzee, inatetemeka. Kutoka chini, mtu alikuwa anagonga dari kwa ufagio, ko, ko, ko.

"Fundi cherehani," mzee alisema, akihema. "Nikipiga kisigino, yeye anapiga ufagio. Siku hizi ndiye anayenijibu, mwingine simjui."

"Ni kisigino, basi."

"Ni kisigino. Mwenye ngazi asipokita, hageuki. Mwenye ndoo asipohisi, hasogei. Basi. Watu walidhani ni mwendo wa kuchekesha." Aliitua ngazi kwa uangalifu, mahali pake palepale. "Tuliapa mimi na mwenzangu tusimwambie mtu. Watu walicheka kwa kuwa walihofia, unaelewa? Wakijua kwamba hatukuwahi kugusana, hata siku moja, nani atacheka? Nikamwapisha na kijana. Na yule mfupi mwenzake. Wala mwongozaji asijue, wala mama zao."

"Mzee, kijana alikita. Nimeuona mguu wake kwenye picha. Nimeuona mara tatu."

"Angekita, mwenzake angeshuka."

Kobe alikuwa akitazama miguu yake mitupu juu ya mbao. Alisogea hatua moja, ubao ukalia. Akasogea nyingine, wa pili ukaitikia. "Ule ukumbi wa mazoezi," alisema, "sakafu yake ni ya nini?"

"Mbao. Jukwaa ni mbao siku zote. Umewahi kuona jukwaa la nini?"

"Na hoteli waliyoijenga, uliiona?"

"Nilifukuzwa kabla haijajengwa."

Kobe alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu. "Vaa koti, mzee."

*

Vigae vya hoteli ya filamu vilikuwa vimelazwa moja kwa moja juu ya zege la bohari. Kobe alivigonga kwa ufunguo wa mahabusu, vikatoa sauti kavu, ya juujuu. Mwongozaji alisimama mlangoni na kukunja mikono.

"Mzee haruhusiwi humu," alisema.

"Wala mimi siruhusiwi kukuvisha hii," Kobe alisema, "kwa hiyo nakuomba kwa hiari yako."

Fundi wa jukwaa ndiye aliyesaidia kuisukuma ndoo, na aliisukuma kwa moyo wote. Mwongozaji akabaki katikati ya mapokezi, miguu mitupu kwenye vigae, miwani mbili mkononi. Kobe alimwashiria mzee.

Mzee aliinua mguu, akakita kisigino. Mshindo ulijaa bohari nzima, fundi alishtuka. Mwongozaji hakusogea. Mzee alikita tena, kwa nguvu zaidi, akajishika goti. Akakita tena, kiatu kikamtoka.

"Mbona hamuanzi?" mwongozaji aliuliza kutoka ndani ya bati. "Jamani? Mpo?"

Hakuna aliyecheka. Fundi alitazama vigae, akatazama kisigino cha mzee, akavuta kofia yake usoni.

"Siku ile walijaribu bila ndoo," Kobe alisema polepole, akimwambia mzee zaidi kuliko mwingine yeyote. "Masikio ya mfupi yalikuwa wazi. Aliusikia mshindo kama tulivyousikia sisi, akachuchumaa, wakaona mambo yako sawa. Halafu akavaa ndoo. Masikio yakaziba, na miguu haikupata kitu, maana zege halibebi habari. Kijana wako alimtazama, akakita, akamngoja, akageuka. Alifanya kama ulivyomfundisha. Hakusahau."

Ilichukua watu wawili na mafuta ya kupikia kumtoa mwongozaji. Alipoambiwa, aliketi kwenye kiti cha mapokezi ya hoteli ambayo haikuwa hoteli, mafuta yakimchuruzika shingoni.

"Vigae ni mimi niliyevitaka," alisema. "Lakini hakuna aliyeniambia! Kama mtu angeniambia kuna jambo kama hilo, ningetandika mbao chini yake, kazi ya nusu siku. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Hakuna aliyeruhusiwa kukwambia," Kobe alisema.

Alijuta hapohapo, maana mzee alikuwa nyuma yake. Mzee aliinama kutafuta kiatu chake, akachukua muda mrefu kukivaa, mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji.

*

Sajini wa zamu aliandika maelezo kwa vidole viwili, ulimi nje. Bila maelezo ya mzee, picha ilionyesha mtu anayetazama na kupiga. Pamoja na maelezo yake, ilionyesha mtu anayetoa ishara na kungoja. Kobe alimweleza mzee hivyo mara moja tu. Hakumsihi.

"Nikisema, kila mtu atajua," mzee alisema.

"Maelezo yako yatasomwa mahakamani pia, pengine, mfupi akizinduka na kudai haki yake."

Mzee aliangalia korido, upande wa mahabusu. Kisha alisema yote, tangu kisigino mpaka kiapo, kwa sauti moja bila mzaha. Sajini alimsomea alichoandika: "Mtu wa kwanza hukita sakafu kwa kisigino, na mtu wa pili akishahisi mtikiso huo huchuchumaa, hivyo chombo hupita bila kumgusa." Alikuna sikio kwa kalamu. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," mzee alisema, na akatia sahihi.

Mkuu wa upelelezi aliyasoma maelezo, akaitazama picha, akaomba mguu urudiwe, akanung'unika kwamba Kobe siku zote anamharibia alasiri. Kisha akalirudisha jalada kabatini. Kwa mwendesha mashtaka halikwenda.

Kijana aliletwa kaunta. Alipewa mkanda na kamba za viatu, akazishika mkononi kama hajui huwekwa wapi.

"Ulikita," Kobe alimwambia. "Iko kwenye picha. Halikuwa kosa lako wala lake, lilikuwa zege. Uko huru."

Kijana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa barua ya mwingine. "Na mwenzangu?"

"Hospitali wamepiga simu. Amefumbua macho. Bado hajasema kitu."

"Nakwenda huko."

Hapo ndipo alipomwona mzee, amesimama kando ya benchi, koti limefungwa vifungo vyote, mikono haijui pa kukaa. Kwa muda walikuwa hivyo, mmoja juu sana na mmoja chini sana, na mtu yeyote aliyewahi kuona zile sinema za zamani angengoja kitu kianguke.

"Nilidhani umesahau," mzee alisema. "Ningejua, ningekuja siku ileile. Nilidhani umesahau, mwanangu."

"Nilikuwa nakusubiri, babu."

"Njoo jioni. Chai..."

"Nilisubiri kila mlango ukifunguliwa."

Kijana alipita kando yake, kwa uangalifu, bila bega lake kumgusa. Alifika mlangoni, akasimama, mgongo bado umegeuka. Malezi ni malezi.

"Shikamoo," alisema akiitazama barabara, na akatoka.

"Marahaba," mzee aliitikia, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga, na jibu likamfikia sajini, ambaye hakuwa amesalimia.